BIASHARA HAIKUANZIA CHUONI: KUTOKA MISAFARA YA KITUI HADI KWA VONZA



Shukrani zote anastahiki Allah (s.w.t.) aliyetujaalia kuufikia mwezi huu mtukufu, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aliyekuwa mfanyabiashara kabla ya kupewa utume.

Katika ukurasa huu nataka tuzungumze jambo linalotugusa sisi vijana wa Kitui na Makueni, na linawagusa wazazi wetu zaidi. Ukiingia chuo kikuu chochote nchini leo, uwe unasomea ualimu, kilimo au kompyuta, hutakosa kukutana na somo linaloitwa ujasiriamali. Utafundishwa kuandika mpango wa biashara, utaambiwa usitafute kazi bali uiunde, na huenda ukaingizwa kwenye mashindano ya ubunifu, mshindi akapewa cheti na hundi kubwa ya karatasi ya kupigia picha. Kisha digrii inaisha, kijana anarudi nyumbani, na baada ya miezi miwili mama anaanza kuuliza kwa upole, "Mwanangu, sasa je?"

Wengi wetu tunalichukulia somo hili kama kitu kigeni kilicholetwa na wazungu na wahadhiri. Lakini ukiisoma historia ya ardhi hii utaona kwamba biashara ilifundishwa hapa kabla ya chuo chochote kujengwa, na wanafunzi wake walifaulu. Sasa basi, wao walikuwa na nini ambacho sisi tunakikosa? Hilo ndilo swali letu. Tulia na mimi, futari bado.

NJIA YA MISAFARA

Kitui ni nchi ya ukame, hilo halihitaji ushahidi. Lakini ukame huohuo ndio uliowafanya wazee wa Kikamba kuwa wasafiri. Mvua ikikosa, walikwenda kwa majirani waliovuna kutafuta chakula, nao wakatoa mifugo, kazi ya mikono au vitu walivyotengeneza. Kwa Kikamba safari hiyo iliitwa kuthuua. Walifika kwa Waembu, Wambeere, Wameru na Wakikuyu. Polepole kutafuta chakula kukageuka kuwa biashara yenyewe, na kufikia miaka ya 1840 misafara ya Wakamba ilikuwa ikiteremka hadi pwani kwa mamia ya watu, imebeba pembe za ndovu, nta, asali na vitu vingine vya bara. Walirudi na nguo, shanga, nyaya za shaba na chumvi.

Mashuhuri kuliko wote alikuwa Kivoi wa Mwendwa, aliyekaa hapa Kitui. Mmishonari Mjerumani, Johann Ludwig Krapf, alimfikia mwaka 1849 na akakaa kwake, na ni akiwa Kitui, tarehe 3 Disemba mwaka huo, ndipo alipouona Mlima Kenya. Wazungu wa Ulaya walibishana miaka mingi kama kweli kuna theluji karibu na ikweta, na kumbe Kivoi alikuwa akiujua mlima ule siku zote, manake biashara ilimpitisha huko. Aliuawa mwaka 1851 msafara wake uliposhambuliwa karibu na mto Tana, Krapf akiwemo safarini.

Tuseme kweli pia, ndugu msomaji, kwa sababu historia haifai kupakwa rangi. Njia hizo hazikubeba pembe na asali tu. Watumwa walipita humo, na Kivoi mwenyewe alikuwa nao. Wafanyabiashara wa pwani, Waislamu wenzetu wakiwemo, waliinunua bidhaa hiyo ya binadamu. Tunachojifunza kwa wazee ni ujuzi wao, si kila walichokiuza.

Na ujuzi huo ulipatikanaje? Kijana hakuanza kwa kuongoza msafara. Alianza kwa kubeba mzigo. Njiani alijifunza visima viko wapi na vinakauka mwezi gani, pembe ipi ni nzuri, mnunuzi yupi Rabai au Mombasa ana mizani ya uongo. Alijifunza lugha, ndiyo maana Kiswahili kikaingia bara mapema. Alijifunza pia kwamba biashara ya mbali haiendi bila kuaminiana, hata wazee wakawa wanafanya undugu wa kuchanjana na watu wa makabila mengine, ili wakipita wapate mwenyeji na mali yao iwe salama.

Tazama vizuri hapo utaona vitu vitatu vilivyoshikana: mwenye ujuzi anayekuchukua, soko unalolifikia kwa miguu yako, na uaminifu unaokufanya urudi tena mwaka ujao. Nitaviita pingu tatu za mnyororo mmoja. Tuendelee nazo.

RELI ILIPOTUPITA

Kuanzia miaka ya 1860 wafanyabiashara wa Kiswahili na Kiarabu walianza kuja bara wenyewe badala ya kungoja Mombasa, na Wakamba wakapoteza sehemu kubwa ya faida. Lakini pigo kubwa lilikuja na reli. Ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi 1899 na ziwa Victoria 1901. Ilipita Mtito Andei, Kibwezi, Makindu na Sultan Hamud, yaani Makueni ya leo. (Hilo jina la Sultan Hamud ni la Sultani wa Zanzibar, Hamoud bin Mohammed, aliyetawala wakati reli ikijengwa.) Kitui haikuguswa. Mzigo uliokuwa ukibebwa na mamia ya watu sasa ulibebwa na behewa, na mji uliokuwa kichwa cha njia ukawa pembeni ya njia.

Serikali ya kikoloni ikaleta kodi ya kulipwa kwa pesa taslimu, na vijana waliokuwa wakienda safari wakaenda kuandikwa askari wa KAR, polisi na vibarua wa mashamba. Shule chache zilizokuwepo zilitoa makarani, wakalimani na walimu. Si vibaya, lakini hapo ndipo lilipozaliwa lile wazo ambalo bado linatutesa, kwamba kusoma ni kujitoa sokoni. Baba aliyeuza mbuzi ili mtoto asome alitaka mtoto akae mezani, asiuze mbuzi tena. Nani atamlaumu?

MTU MMOJA NA PATASI

Mnyororo haukukatika kila mahali. Jirani yetu Wamunyu, upande wa Machakos, alikuwepo mtu aitwaye Mutisya Munge. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia alipelekwa Tanganyika, na huko akawaona wachongaji wa Kizaramo wakifanya kazi. Aliporudi nyumbani akaanza kuchonga, akafundisha watu wa nyumbani kwake, nao wakafundisha majirani. Hapakuwa na darasa wala cheti. Kijiji kizima kikawa cha wachongaji, na vinyago vyao vikauzwa Nairobi, Mombasa na ng'ambo. Mwaka 1963 wachongaji wa Kikamba walianzisha chama chao cha ushirika Mombasa, ili wauze pamoja badala ya kila mmoja kunyonywa peke yake na dalali.

Sisi Waislamu tuna maneno yetu kuhusu sanamu za viumbe, na hilo nawaachia masheikh. Ninachotaka uone ni namna ujuzi ulivyosafiri. Kisha miti kama mpingo na muhugu ilipoanza kuadimika, wachongaji wakahimizwa kutumia mwarobaini, mti unaokua haraka na ulioenea pwani yote, na wengi wakaugeukia. Huo ndio ubunifu, ndugu yangu. Kilichowasukuma ni msitu uliokuwa ukiisha na wateja waliokuwa bado wanaagiza.

CHUO CHA WAISLAMU MOMBASA

Turudi mwisho wa ile njia ya misafara, Mombasa, kwa sababu huko kuna habari inayotuhusu moja kwa moja. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia ilionekana wazi kwamba Waislamu wa Afrika Mashariki wameachwa nyuma katika elimu ya ufundi. Shule nyingi zilikuwa za misheni na wazazi waliogopa kupeleka watoto. Hapo ndipo ikaanzishwa Mombasa Institute of Muslim Education, wazee wetu wakiiita MIOME. Walichanga Sultani wa Zanzibar, Aga Khan, jamii ya Mabohora na serikali ya kikoloni. Wanafunzi wa kwanza waliingia mwaka 1951 kujifunza ufundi.

Fikiria hilo. Kabla ya uhuru, Waislamu wa madhehebu tofauti walikubaliana kwamba kijana Muislamu anahitaji kazi ya mikono pamoja na dini yake. Mwaka 1966 chuo kikabadilishwa jina kikawa Mombasa Technical Institute, na mwaka 1972 kikawa Mombasa Polytechnic, kikiwa wazi kwa Wakenya wote. Mwaka 2007 kikapandishwa kuwa chuo kikuu kishiriki, na mwaka 2013 kikapata hati kamili kwa jina la Technical University of Mombasa. Wangapi kati yetu tunaojaza fomu za kujiunga nacho tunajua kilianza vipi?

HARAMBEE NA SOMO JIPYA

Huku kwetu nako watu hawakulala. Baada ya uhuru, katika miaka ya 1970, wananchi sehemu mbalimbali za Kenya walichanga kujenga vyuo vya harambee. Watu wa Ukambani walichangia chao, Ukamba Agricultural Institute, kwa kifupi UKAI. Mwaka 2008 chuo hicho kikafanywa chuo kikuu kishiriki cha Chuo Kikuu cha Nairobi, na mwaka 2013, mwaka uleule wa Mombasa, kikawa South Eastern Kenya University, au SEKU, pale Kwa Vonza. Kwa hiyo mwanafunzi anayekaa Kwa Vonza leo akifundishwa namna ya kutafuta mtaji, amekaa juu ya mtaji uliochangwa na mabibi zake waliouza kuku.

Na hilo somo lenyewe lilitoka wapi? Mwaka 1972 Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti kuhusu ajira Kenya. Watafiti wake walikuta kwamba mafundi wadogo wasio na leseni, wale tunaowaita jua kali, ndio waliokuwa wakiajiri watu wengi huku wakifukuzwa na askari wa manispaa. Ripoti hiyo ikabadilisha mawazo ya wengi. Mwaka 1985 ukaja mfumo wa 8-4-4, na watoto wakatakiwa kujifunza useremala, uashi, kilimo, ushonaji na biashara. Wazazi wakachanga tena kujenga karakana. Lakini shule nyingi hazikuwa na vifaa, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 masomo mengi ya mikono yakapunguzwa. Mfumo huo nao sasa unaondoka, mtihani wa mwisho wa KCPE ulifanywa mwaka 2023.

Mwaka 1990, kwa msaada wa Umoja wa Mataifa na Shirika la Kazi Duniani, elimu ya ujasiriamali iliingizwa rasmi katika vyuo vya ufundi vyote nchini. Vyuo vikuu vikafuata, Jomo Kenyatta kikiwa mbele kwa kuanzisha shahada ya uzamili ya somo hili katika miaka ya 1990. Leo vyuo vingi vina vituo vya kulea biashara changa, kama kile cha Chandaria katika Chuo Kikuu cha Kenyatta. Somo limekuwa na vitabu, mitihani na maprofesa. Pingu ya ujuzi ipo. Je, zile nyingine mbili?

GARI NA SIMU

Nikupe mifano miwili ya Kenya yetu, uipime mwenyewe.

Mwaka 1986 Rais Daniel arap Moi alikiomba Chuo Kikuu cha Nairobi kiunde gari la Kikenya. Wataalamu wetu wakajifungia kazini, na mwaka 1990 likazinduliwa gari la Nyayo Pioneer. Magari matano ya majaribio yaliundwa, yakaweza kukimbia kilomita 120 kwa saa. Wallahi hiyo ilikuwa kazi ya kujivunia, na asikudanganye mtu kwamba Mwafrika hawezi. Lakini gari hilo halikufika sokoni. Pesa za kujenga kiwanda hazikupatikana, na mradi ukafa. Ujuzi ulikuwepo. Mnunuzi hakuwa ameulizwa.

Mfano wa pili ni M-Pesa. Ilipojaribiwa mwaka 2005 ilikusudiwa kuwasaidia watu waliokopa mikopo midogo walipe kwa simu. Waliofanya majaribio wakagundua kwamba watu wanaitumia kwa jambo jingine, kutumiana pesa wao kwa wao. Wakaacha mpango wao wa kwanza wakafuata walichokiona, na Machi 2007 huduma ikazinduliwa kwa wananchi kama njia ya kutuma pesa nyumbani. Mengine unayajua, kwani huenda hata sadaka yako ya jana ilipita humo.

Sisemi M-Pesa ilifanywa na watu wenye akili kuliko walimu wa Nairobi. Ilikuwa na kampuni kubwa na pesa nyuma yake. Lakini waliofaulu walikwenda sokoni na kusikiliza, kama kijana wa msafara aliyelazimika kufika Mombasa ndipo ajue shanga za rangi gani zinatakiwa mwaka huo.

SISI NA KWA VONZA

Sasa tuje nyumbani. Kitui na Makueni hazikosi mali. Kuna ndengu, kuna asali, kuna maembe ambayo msimu ukifika yanaoza chini ya miti kwa kukosa mnunuzi. Serikali ya Makueni ilijaribu kulijibu tatizo hilo ilipofungua kiwanda cha maembe Kalamba mwaka 2017, kinachosaga matunda kuwa rojo ya kutengenezea juisi. Kitui nayo ikaanzisha kiwanda cha nguo mwaka 2018. Hizi ni hatua, lakini kiwanda cha serikali hakiwezi kumpa kila mhitimu kazi.

Tatizo ninaloliona ni hili. Mwanafunzi anaandika mpango wa biashara ya asali bila kuwahi kukaa hata siku moja na mrina asali. Na mzee anayerina asali Mwingi hajawahi kuulizwa na mwanafunzi yeyote kwa nini asali yake inanunuliwa bei ya chini. Wako umbali wa nauli ya matatu, lakini hawajuani. Pingu zimelala chini, kila moja upande wake.

Hili sisi wenyewe tunaweza kulianza bila kungoja wizara. Misikitini kwetu kuna wafanyabiashara wa nafaka, wenye maduka ya nguo, mafundi wa magari, kina mama wa mikahawa. Likizo za vyuo ni ndefu. Je, kila mfanyabiashara akimchukua mwanafunzi mmoja kwa likizo moja, ambebeshe mzigo kwanza kama zamani, kisha amwonyeshe daftari? Mali bila daftari huisha bila habari, na hapo ndipo mwanafunzi naye atakapolipa, kwa kumsaidia mzee kupanga hesabu zake, kupima stoku na kutafuta wateja kwa simu. Mmoja ana miaka 30 ya soko, mwingine ana kompyuta. Wakikaa meza moja kila mmoja ataondoka na kitu.

MTAJI NA AMANA

Najua swali lako, "Na mtaji?" Ni swali la haki, tena kwetu sisi ni zito zaidi kwa sababu mikopo mingi inayotangaziwa vijana ina riba. Tangu mwaka 2008 Kenya ina benki za Kiislamu, Gulf African Bank na First Community Bank, ambayo tangu 2023 inaitwa Premier Bank. Lakini benki ni benki, itataka dhamana, na mwanafunzi dhamana yake ni kitambulisho na sweta.

Hapo turudi kwa wazee wetu wa zamani zaidi. Bibi Khadija (r.a.) alikuwa na mali, na kijana Muhammad (s.a.w.) alikuwa na uaminifu uliojulikana Makka yote. Akampa bidhaa azipeleke Sham, faida wakagawana. Wanazuoni wakaja kuuita mpango wa namna hiyo mudharaba, yaani mmoja anatoa mtaji na mwingine kazi. Na AbdulRahman bin Auf (r.a.) alipohamia Madina hana kitu, ndugu yake wa Kiansari akataka kumgawia nusu ya mali yake. Alimwombea dua, kisha akaomba aonyeshwe soko liliko. Akaanza na jibini na samli.

Pingu ya tatu ndiyo hiyo, amana. Mfanyabiashara atampa kijana magunia mawili ya ndengu akauze iwapo anaamini pesa zitarudi, na akiona moja limerudi kwa hesabu safi, mwezi ujao atampa manne. Na wewe kijana, ukila pesa za mzee mmoja leo, umewafungia mlango wenzako kumi watakaokuja kesho.

Ndugu msomaji, katika siku hizi za Ramadhani tunakutana msikitini kila usiku kuliko miezi mingine yote. Mwanafunzi anasimama safu moja na mwenye duka, bega kwa bega, kisha baada ya witri kila mtu anashika njia yake. Usiku wa leo, baada ya tarawehe, msalimie huyo aliye kando yako na umuulize anafanya kazi gani. Kama wewe ni mwanafunzi, mwombe akuchukue likizo ijayo. Kama wewe ni mwenye duka, usingoje kuombwa.

Allah (s.w.t.) atutakabalie funga zetu, atupe rizki ya halali, na azibariki kazi za mikono yetu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.